Usimdanganye Mfadhili, na Wewe Mfadhili Usimtishe

Mdogo wangu, ile sehemu ya ripoti ya robo mwaka inayoitwa "Changamoto na namna zilivyotatuliwa" naijua, na ulichoandika humo nakijua pia. Umeandika kwamba mvua zilikuwa nyingi, barabara zikaharibika, mwitikio ukawa mdogo mwanzoni lakini ukaongezeka baada ya elimu kutolewa. Robo iliyopita uliandika hayo hayo, ila mvua zilikuwa chache. Na ukweli wenyewe? Mhasibu ameondoka kwa sababu hajalipwa tangu Desemba. Mafunzo ya vikundi vya akina mama yaliangukia msimu wa palizi, nusu ya viti vikakaa vitupu. Pikipiki ya mradi iko gereji mwezi wa pili huu, inasubiri spea. Hayo hukuyagusa. Ulikaa mbele ya kompyuta saa nne za usiku, ukamfikiria yule ofisa miradi aliyeko Dar es Salaam, ukarudi kwenye mvua.

Sikugombezi bado, maana hapo ulipo wamepita wengi na wengine wamehamia kabisa. Umekaa kama mwali aliyeunguza wali wiki yake ya kwanza ukweni: kafunika sufuria, kaweka na jiwe juu ya mfuniko, anaomba harufu isifike sebuleni. Harufu imeshafika, mdogo wangu. Imefika, na waliokaa sebuleni wanatazamana tu.

Hofu yako ina sababu, sitakuambia ni ya bure. Mishahara ya watu sita, kodi ya ofisi, ada ya mtoto wa mlinzi, vyote vinangoja sahihi ya mtu ambaye huenda hamjawahi kukaa meza moja. Ukiteleza neno, awamu ya pili ya fedha inachelewa. Tumelelewa tukiambiwa mwenye nguvu mpishe, basi tunampisha hadi tunatumbukia mtaroni. Barua pepe yake ikiingia Ijumaa jioni, tumbo linakukata kabla hujaifungua. Na anaposema "sisi ni wabia", unatabasamu vizuri tu, lakini moyoni unajua ni mbia yupi anayeweza kumfungia mwenzake mlango.

Lakini hebu tazama uongo ule mdogo unakwenda wapi. Mfadhili kasoma kwamba mafunzo yalikwenda vizuri. Mwaka unaofuata bajeti inapangwa vilevile, mafunzo yanaangukia palizi tena, viti vinabaki vitupu tena. Aliyepoteza hapo si mfadhili. Ni yule mama wa kijijini ambaye mradi uliandikwa kwa jina lake. Na siku mfadhili akifika kwa ziara akaikuta pikipiki haina tairi, hatakupigia kelele. Atarudi ofisini kwake na kuongeza fomu. Kwanza ilitosha orodha ya mahudhurio. Ikaongezwa namba ya simu. Ikaongezwa picha, kisha picha yenye tarehe. Ukiona fomu ndefu kupita kiasi, ujue nyuma yake yupo mtu aliyewahi kudanganya, na yupo mwingine aliyeogopa kuulizwa na wakubwa zake. Hofu mbili zimekaa meza moja zinajaza makaratasi.

Kwa hiyo habari mbaya itoe mapema, na uitoe kwa mdomo kabla ya maandishi. Piga simu. Sema kilichoharibika, mlichokwisha kufanya, na unachoomba: "Mafunzo tumeyasogeza hadi baada ya mavuno, tunaomba fedha za ukumbi zibaki hadi Julai." Mikataba mingi inaruhusu kuhamisha kiasi fulani kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine bila kuomba kibali, wako unasemaje? Hujui, kwa sababu baada ya kusaini uliuweka kabatini. Kautoe.

Tukija kwenye gharama za uendeshaji, hapa ndipo hasa ninapotaka kukushika sikio. Unajua vizuri kwamba kuendesha ofisi yako, pamoja na umeme, intaneti, mkaguzi wa hesabu, mhasibu na kodi, kunakula sehemu kubwa ya kila shilingi. Lakini kwenye andiko la mradi umeandika asilimia saba, kwa sababu ulisikia mfadhili hapendi kuona zaidi ya hapo. Basi mhasibu umemkatakata vipande: robo analipwa na mradi wa maji, robo na mradi wa wasichana, nusu iliyobaki analipwa na matumaini. Halafu unashangaa ameondoka.

Hili halikuanzia kwako. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard waliandika katika jarida la Stanford Social Innovation Review kuhusu mzunguko wa njaa wa mashirika yasiyo ya faida. Mfadhili anatarajia gharama za ofisi ziwe ndogo kuliko inavyowezekana, shirika linaogopa kumkosa, linaandika zilizo ndogo. Mfadhili anaona kumbe inawezekana, mara nyingine anatarajia ndogo zaidi. Walizungumzia Marekani, ila mtu wa Kigoma akisoma atadhani walikaa ofisini kwake. Hata kwa serikali ya Marekani, kwa miaka mingi, shirika lisilokuwa na kiwango chake walichokubaliana nayo liliruhusiwa asilimia 10 tu kwa ajili ya gharama hizo. Oktoba 2024 ndipo ikapandishwa hadi 15. Ukiandika saba yako, unamharibia na mwenzako wa wilaya ya jirani aliyeandika kumi na nane ya kweli. Yeye ataonekana mbadhirifu kwa sababu wewe umejipunja.

Kuna na balaa la risiti. Mkataba unataka risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila matumizi. Sawa, mjini. Sasa ofisa wako amepanda bodaboda kwenda kitongoji cha mwisho, akala kwa mama lishe, akakodi viti vya kanisa. Nani kati ya hao ana mashine ya EFD? Ndipo mtu mwaminifu kabisa, aliyetumia fedha kwa kazi halali, anakwenda duka la vifaa mjini kutafutiwa risiti ya kitu ambacho hakununua. Ameghushi. Ameghushi ili aonekane mkweli! Na siku mkaguzi akiigundua hiyo karatasi hatauliza moyo wako ulikuwaje. Tafadhali usifike huko. Kabla ya kusaini, omba mkataba ukubali hati ya malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu ya aliyelipwa, kwa matumizi madogo ya vijijini. Wafadhili waliowahi kufika kijijini huwa wanakubali. Asiyewahi kufika, mkaribishe aje. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu acha kumfuata kila anakokwenda. Ulianza na elimu ya wasichana, kazi unaijua, wazazi wanakuamini. Ulipofika mwaka wa fedha za ujasiriamali, wasichana wakawa wajasiriamali. Sasa ni mwaka wa tabianchi, nasikia wasichana wale wale wanapanda miti. Nacheka, lakini inauma. Mara moja moja sema hapana. Kukataa fedha ambazo zingekutoa kwenye njia yako ni nguvu uliyonayo tayari, haihitaji kuombwa kwa mtu. Na wafadhili wenyewe, niamini, wanazungumza. Asasi iliyowahi kukataa ruzuku kwa sababu za msingi hukumbukwa kwa wema.

Sasa nakugeukia wewe mdogo wangu wa upande wa pili, uliyeajiriwa kwenye ofisi ya mfadhili, yenye kiyoyozi na mlinzi getini. Wewe nawe naujua mzigo wako. Una bosi nje ya nchi, bosi naye ana bodi, bodi ina wakaguzi wake. Umeshakutana na asasi za mfukoni, zenye katiba nzuri na muhuri mzuri na hakuna kitu kingine. Umewahi kuibiwa, na siku ile uliitwa kueleza. Nimekuelewa. Ila usichukue kosa la mmoja ukawavalisha mia.

Mnaposema mnataka kuaminiana, nani aanze? Mimi nasema aanze mwenye fedha, na sioni aibu kulisema. Yeye akikosea kumwamini mtu, atapoteza ruzuku moja na kikao kimoja kibaya. Asasi ikikosea kumwamini mfadhili ikamweleza ukweli, inaweza kufungwa. Hatari hazilingani, kwa hiyo hatua ya kwanza haiwezi kudaiwa kwa mnyonge.

Na kuanza si maneno matamu ya warsha. Mwaka 2020 taasisi kadhaa za Marekani, Whitman Institute ya San Francisco ikiwemo, zilianzisha mpango wa ufadhili unaojengwa juu ya kuaminiana, na waliyoyataka ni mambo ya kushikika: fedha za miaka kadhaa zisizofungwa kwenye shughuli moja, mfadhili afanye mwenyewe kazi ya kuifahamu asasi badala ya kuitwisha makaratasi, fomu zipunguzwe, awe muwazi, aulize maoni na ayafanyie kazi. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Ford Foundation ilianza mpango wake wa BUILD, ikatenga dola bilioni 1 kwa ruzuku za miaka mitano zenye uhuru mkubwa wa matumizi, pamoja na fedha za kuimarisha taasisi yenyewe. Miaka mitano, mdogo wangu! Mtu anaweza kuajiri mhasibu, akamwambia aje na familia yake.

Kuna na MacKenzie Scott, yule tajiri wa Marekani. Desemba 2020 alitangaza kwamba ndani ya miezi minne ametoa zaidi ya dola bilioni 4 kwa mashirika 384 ya Marekani, bila kuyaelekeza yazitumieje. Wengi walitikisa kichwa: watalewa fedha, watazimaliza, wataanguka. Watafiti wa Center for Effective Philanthropy wakawafuatilia waliopokea kwa miaka mitatu, na kuanguka kulikotabiriwa kwa sehemu kubwa hakukuonekana. Wengi waliweka akiba na kuboresha kazi zao. Ila sitamsifu hadi nipitilize. Kwa muda mrefu hukuweza kubisha hodi kwake. Simu ilikuja au haikuja. Fedha alizitoa, uamuzi wa nani apate akabaki nao. Kilichonivutia zaidi ni mwaka 2023, alipofungua mlango watu waombe, na waombaji wakapitiwa kwanza na waombaji wenzao, kisha na jopo la watu wa nje. Ilikusudiwa dola milioni 250. Machi 2024 ikatangazwa milioni 640 kwa mashirika 361. Mtu anayekaa na tatizo alipewa kalamu ya kuweka alama. Hapo sasa madaraka yameguswa.

Hata kwetu huku mambo hayo yamefika. Disability Rights Fund, mfuko ulioanza 2008 na kufadhili vyama vya watu wenye ulemavu katika nchi kadhaa, Uganda na Rwanda zikiwemo, uliwakalisha watu wenye ulemavu pamoja na wafadhili kwenye meza ya kuamua ruzuku, si kwenye meza ya kutoa maoni halafu watolewe nje uamuzi ufanywe. Tofauti ya meza hizo mbili unaijua. Ukitaka kujua kama ofisi yenu inagawana madaraka, usisome mpango mkakati wenu. Uliza tu: mara ya mwisho asasi ilipowakatalia jambo, nini kiliipata?

Ahadi zimekuwa nyingi mno, ndiyo maana nakuchimba. Mwaka 2016 huko Istanbul wafadhili wakubwa wa misaada ya dharura walikubaliana kwamba kufikia 2020 angalau robo ya fedha iwafikie wazawa wa nchi husika kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. 2020 ikapita, robo haikufika. Mwaka 2021 USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, nao wakaahidi robo ya fedha zao kwenda moja kwa moja kwa mashirika ya nchi husika ndani ya miaka minne. Mwaka wa fedha 2022 wakafika takriban asilimia 10, uliofuata wakashuka kidogo. Wewe unayesaini ruzuku ndogo huwezi kuzigeuza takwimu za dunia. Lakini unaweza kukubali ripoti ile ile ambayo asasi imemwandikia mfadhili mwingine. Unaweza kulipa awamu ya kwanza kabla kazi haijaanza. Unaweza kumjibu mtu ndani ya wiki, hata jibu likiwa hapana. Hujui mtu anavyokonda akingoja jibu lako la hapana kwa miezi minne.

Tusimalize kumsema mfadhili tukajisahau. Wewe mwenye asasi, ukifika kijijini nani mwenye fedha? Ni wewe. Nimeona asasi za taifa zinazolalamika Dar es Salaam kwamba wafadhili wanawanyanyasa, kisha zikikipa kikundi cha Masasi shilingi milioni mbili zinakidai ripoti ya kurasa thelathini. Mkuki kwa nguruwe. Nimeona ubao wa matokeo ukitundikwa ukutani mwa ofisi ya mjini, na wanakijiji hawajawahi kuambiwa mradi wao ulikuwa na shilingi ngapi. Kanuni za mwaka 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali hapa Tanzania zilitaka asasi inayopata zaidi ya shilingi milioni 20 itangaze mapato na matumizi yake, tena kwa njia ambazo walengwa wanaweza kuzifikia. Wengi tulizinung'unikia kanuni hizo, na kwa mengine tulikuwa na haki. Lakini hilo moja lingefaa hata lisingeandikwa na mtu. Soma bajeti kwenye mkutano wa kijiji. Soma na mshahara wako. Utaona aibu siku ya kwanza, kisha utashangaa wanavyoanza kukutetea.

Na wakikuamini, watachangia. Usidharau michango yao kwa kuwa ni midogo. Kule Kenya, Kenya Community Development Foundation imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1997, kuzisaidia jamii zichange zao kwanza na kujiwekea mifuko. Shilingi uliyochangiwa na watu wako ndiyo inayokupa sauti unapokaa na mgeni.

Nimelisema hilo nikiwa na sababu. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ndani ya siku chache barua za kusitisha kazi zikasambaa duniani, na huku kwetu pia. Watu walikuwa kliniki, dawa zikiwa kwenye rafu, wakaambiwa wasimame. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likaacha kuendesha misaada. Kulikuwa na mashirika yaliyokuwa yamekwisha kufanya kazi na kupeleka ankara. Madai hayo, karibu dola bilioni 2, yalibidi yafikishwe mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Waliokuwa wamejieleza kwa ripoti nzuri na waliokuwa wamejieleza kwa ripoti mbaya walipokea barua ile ile. Nawafahamu waliolia, na nawafahamu waliolala wakaamka wakaanza na kidogo walichokuwa nacho, maana bodi zao zilikuwa zimeng'ang'ania kuweka akiba hata pale mfadhili alipouliza akiba ya nini.

Kwa hiyo mkataba ujao, mdogo wangu, usiusaini siku unayoupokea, hata kama mnahitaji fedha mpaka mnatetemeka. Usome wote, na kile kifungu cha kusitisha kisome mara mbili. Kama kinamruhusu mfadhili kusimama wakati wowote bila notisi na bila kulipia kazi iliyokwisha kufanyika, mwandikie kwa heshima umwombe siku 90 za notisi, malipo ya kazi iliyofanyika, na mshahara wa watumishi hadi notisi iishe. Anaweza kukataa. Omba hata hivyo, na jibu lake ulipeleke kwenye kikao cha bodi kabla hujashika kalamu.